Mama Siyon na Watoto wa Ghala la Barafu

Mama Siyon hakuwa mwalimu, na kwa miaka kumi mimi nilihakikisha hasahau jambo hilo. Mwalimu ni mimi, Ligaya Bunyi, wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali. Nimekula vumbi la chaki miaka ishirini na sita. Yeye alikuwa mfua nguo. Nyumba saba za mji wetu wa Malabon, huku Ufilipino, zilivaa usafi wa mikono yake, na mikono yenyewe ilikuwa imechubuka kama maganda ya muhogo.

Jina lake kamili ni Consolacion Villaruz. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume aliyekuja kuwa baharia. Kabla ya kazi ninayotaka kuisimulia, watu walimjua kwa kufua na kwa ulimi. Alikuwa na maneno yule mwanamke! Lakini siku alipoanza kazi iliyompa jina hakuwa na neno hata moja.

Mtoto wa jirani yake, wa miaka sita, alitoka shule saa sita mchana akakuta kufuli mlangoni. Mama yake alikuwa kiwandani, anajaza mchuzi wa samaki kwenye chupa. Mtoto akaenda kucheza kwenye kingo za mabwawa ya samaki. Jioni wakamtoa majini. Mama Siyon ndiye aliyezifua nguo alizozikwa nazo. Msibani alikaa kimya, watu wakashangaa. Kesho yake alikwenda kwa padri kumwomba ufunguo wa ghala la zamani la barafu, lililokaa tupu tangu wavuvi wapate majokofu.

Shule zetu zimejaa, tunafundisha kwa zamu mbili. Watoto wa asubuhi hutoka saa sita, na mama zao hurudi saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo kuna saa sita zisizo na mwenyewe. Mama Siyon akazichukua. Mtoto akiingia ghalani, kwanza ananawa mikono, kisha anapata bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi na majani ya mlonge, halafu anafungua daftari. Wanafunzi wawili watatu wa chuo walikuja kusaidia hesabu. Jua likizama, Mama Siyon aliwapanga mstari akawapeleka nyumbani kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro.

"Simwachi mtoto mlangoni," alikuwa akisema. "Mlango hauna mikono. Namkabidhi kwa mtu."

Mimi nilimdharau, sitaficha. Siku moja nilimkuta sokoni nikamuuliza, mbele za watu, "Mama, hivi pale ghalani unawafundisha nini hasa?"

"Siwafundishi, Mwalimu. Nawakalisha."

"Kukalisha tu?"

"Jaribu wewe kuwakalisha sitini wenye njaa, halafu tuongee."

Wauza samaki wakacheka. Nililipia samaki wangu wa bangusi nikaondoka.

Halafu Machi ya mwaka 2020 ikaja na Korona yake. Kisiwa kizima cha Luzon kikafungwa. Shule, viwanda na magari ya abiria ya jipini, vyote vikasimama siku moja. Kila nyumba ikapewa kibali kimoja cha kutokea kununua chakula. Watoto wasitoke. Waliotimiza miaka sitini wasitoke. Mama Siyon alikuwa na sitini na mmoja.

Siku ya kwanza ya amri alifungasha nguo zake akahamia ghalani, juu, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama kichochoro. Alipokuwa akivuka na godoro kichwani, mgambo wa mtaa aitwaye Berting akamsimamisha.

"Bibi, rudi ndani. Una sitini na mmoja wewe."

"Sitini na mmoja ya nini, Berting? Ya cheti au ya miguu?"

"Amri ni amri, bibi."

"Nami naitii. Naingia ndani. Umeona hapo? Ndani. Sikukwambia ndani ya wapi. Sasa nishikie huo mto, umesimama kama kinyago, na mimi ndiye niliyekufuta kamasi."

Berting akabeba mto.

Watoto walioandikishwa ghalani wakati huo walikuwa mia moja na thelathini na wanane. Mama Siyon aliwajua wote, na si kwa majina tu. Kwa kuwa alikuwa akiwakabidhi mkononi kila jioni, alijua nani anaishi chumba gani, baba yupi ana kifua, bibi yupi haoni, jiko gani halijawashwa tangu juzi. Asubuhi ya tatu akaning'inia dirishani na kipaza sauti cha maandamano ya parokia, akawaita akina mama wenye vibali. Wakaja ishirini hivi, wamesimama mbalimbali, na barakoa za mabaki ya vitambaa.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi siruhusiwi kutoka. Watoto hawaruhusiwi kutoka. Nani anaruhusiwa? Nyinyi. Basi tangu leo miguu ya ghala ni yenu. Mimi na wapishi wangu, Dolor na Ising, tutapika humu ndani, hatutoki. Ndoo zitateremka kwa kamba. Kila mmoja ana kichochoro chake. Ukigonga, ngoja. Mtoto atokeze uso dirishani umwone. Sitaki kusikia 'niliacha mlangoni.'"

"Na uji ukimwagika?" akauliza mmoja.

"Utaulamba wewe."

Ndivyo mradi wa baada ya shule ulivyoendelea katika nchi isiyokuwa na shule. Mchele ulitoka parokiani na kwa mwenye kinu mmoja ambaye Mama Siyon alimfulia mashuka miaka tisa. Mlonge ulikuwa unajiotea kwenye kila uzio. Saa nne asubuhi ndoo zilianza kushuka. Zilikwenda na uji, sabuni, na ujumbe wa mdomo: fulani anywe dawa yake, fulani amwachie dada yake kitabu. Zilirudi na habari. Kila mama aliporudisha ndoo tupu alisimama chini ya dirisha akaeleza alichokiona, nyumba kwa nyumba, na Mama Siyon akasikiliza akiwa amefumba macho.

Mwanawe alimpigia simu kutoka melini, Dolor akasikia yote. "Mama, utakufa kwa ajili ya uji wa watu."

"Wewe ulikua kwa uji wa watu, Rodel. Nani alikuwa akikulisha nikiwa kwenye mabeseni? Kula chakula chako, mwanangu, usinikorofishe."

Wiki ya tano mifuko ya chakula cha serikali ikaletwa mtaani. Orodha ilihesabu nyumba, lakini kwetu nyumba moja hukaa familia nne: juu, chini, nyuma, na banda la kukimbilia maji ya bahari yakijaa vichochoroni. Wapangaji wengi hawakuwamo. Mwenyekiti wa mtaa alipopita na karani wake, Mama Siyon akamsimamisha kwa kipaza sauti.

"Mwenyekiti! Nyumba ya bluu penye bomba umeandika mfuko mmoja."

"Mama Siyon, orodha imeshapigwa mhuri."

"Mhuri unaliwa?"

Madirisha yote ya kichochoro yakafunguka. Mwenyekiti akatazama juu, akatazama kulia na kushoto, akaona macho.

"Haya, sema."

"Juu yuko Merlinda, msafisha samaki, na watoto watatu. Chini Dencio dereva, mkewe Nora, watoto wanne. Nyuma bibi Ursula na wajukuu wawili, mmoja ana pumu. Kwenye banda kuna wale wawili waliotoka kisiwa cha Samar mwezi wa kwanza na binti yao. Andika, karani, usinitazame mdomo. Nyumba inayofuata..."

Alisema kwa muda wa saa nzima, bila karatasi. Karani alibadilisha kalamu. Familia thelathini na moja ziliingia kwenye orodha siku ile. Mimi nilisikia yote nikiwa nyumbani kwangu, vichochoro vitatu mbali, kipaza sauti kile kilikuwa na nguvu, na nikakumbuka kwamba nina rejista ya wanafunzi hamsini na wawili, nami nisingeweza kutaja jiko la hata mmoja wao.

Mwezi wa nane tuliambiwa shule itafunguliwa bila watoto: tutachapisha vijitabu vya masomo, wazazi wavichukue, watoto wavijaze nyumbani, wazazi wavirudishe. Nikajiuliza nitawapata wapi wazazi. Nikameza kiburi nikaenda chini ya dirisha la ghala.

 Akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao, lakini moja ilikuwa imebaki chini, hakuna aliyeishika. Dencio dereva alikuwa amepelekwa hospitali usiku wa kuamkia siku ile, hapumui vizuri. Nora na watoto wanne walikuwa wamefungiwa chumbani, utepe mwekundu mlangoni.

"Siendi pale," alikuwa akisema mama mmoja, Pacita. "Unisamehe, Mama Siyon. Nina mama yangu mzee ndani. Na hiyo ndoo ikitoka kule isije kwangu."

"Una haki ya kuogopa, Pacita," Mama Siyon akajibu, na safari hii alikuwa amekiweka chini kipaza sauti. "Hata mimi naogopa. Wewe endelea na kichochoro chako. Ndoo ya Nora itakuwa na alama, haitachanganywa. Nataka kujua tu nani ataipeleka. Asipopatikana nitashuka mwenyewe, na Berting anikamate akitaka."

Berting alikuwa pale. Akatazama viatu vyake.

Sijui nini kilinisukuma. Nina hakika si ushujaa. Nadhani ilikuwa aibu. Mtoto wa pili wa Nora alikuwa wangu, darasani kwangu, kiti cha tatu.

"Lete," nikasema. "Nitapeleka mimi."

Mama Siyon akainama dirishani kunikagua. "Mwalimu, funga barakoa vizuri, pua iko nje. Ning'iniza kwenye kitasa, gonga, rudi hatua sita. Usiondoke mpaka uwaone wote wanne."

Nikaenda. Nikaning'iniza, nikagonga, nikarudi nyuma. Nyuso zikatokeza dirishani, moja, mbili, tatu. Nikangoja ya nne. Ilikuwa ya kitinda mimba, amebebwa, macho yamevimba kwa kulia. Mtoto wangu wa kiti cha tatu akasema kwa sauti ya darasani, "Shikamoo, Mwalimu. Leo umekuwa ndoo?"

Nikacheka hadi machozi yakaloanisha barakoa. Nilikuwa ndoo kwa siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa Dencio alirudi, amekonda kama ufito, hana sauti, lakini anatembea. Nora hakupata homa wala watoto.

Oktoba vijitabu vikaanza kwenda na ndoo. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama Siyon kuliko wakati wowote.

Nilikuwa nasahihisha kazi za Rhealyn, binti wa Merlinda, yule msafisha samaki wa nyumba ya bluu. Mtoto wa darasa la kwanza, na kila jibu ni sahihi, kila herufi imenyooka kama ya karani wa benki. Nikajua kuna mtu mzima anayejaza. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa ni mpangaji wa jirani. Merlinda alikuwa akimsafishia samaki ili amwandikie. Nikapandwa na hasira. Nikaenda dirishani na kijitabu mkononi.

"Mama Siyon, huyu nitamwita nimseme. Anamharibu mtoto."

"Merlinda hajui kusoma," akanijibu, taratibu.

Nikakifunga kijitabu.

"Miaka saba nampa karatasi za watoto wake, na miaka saba ananiambia amesahau miwani. Hana miwani. Hajawahi kuwa nayo. Ukimwita peke yake kumsema, atahama mtaa, na Rhealyn tumempoteza. Usimwite. Tuwaite wote."

Jioni ile akatangaza kwa kipaza sauti: akina mama wote wa vijitabu, kila siku saa tisa alasiri, kila mtu na kigoda chake kichochoroni, kujifunza namna ya kufundisha. Mwalimu Ligaya atasimama chini ya dirisha na ubao. Tutaanza na herufi.

"Herufi!" Pacita akacheka. "Mimi nimemaliza sekondari, leo nikariri ba be bi bo bu?"

"Vizuri, msomi," Mama Siyon akamrushia. "Basi mfundishe aliye kulia kwako. Tuone kama ulisoma au ulipita tu."

Aliye kulia kwa Pacita alikuwa Merlinda. Hilo halikuwa bahati. Viti vyote alivipanga yule bibi kutoka dirishani.

Nimefundisha madarasa mengi, lakini lile la kichochoroni lilinitoa jasho. Maji yakijaa walikaa na viatu vya mpira, miguu ndani ya maji. Wengine walipepeta mchele huku wanasoma, wengine walinyonyesha. Walitaniana, wakazomeana, wakasahihishana. "Hiyo si 'd', dada, hiyo ni 'b', tumbo liko mbele!" Watoto, ambao hawakuruhusiwa kutoka, walijazana madirishani wakiwatazama mama zao wakikosea, na hakuna kitu kilichowafurahisha kama hicho. Usiku mama alifungua kijitabu na mtoto wakasoma kile kile. Pacita, yule aliyeogopa ndoo, alimshika Merlinda mkono kwa miezi mitano na hakumwambia mtu.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata nilifungua kijitabu cha Rhealyn nikadhani panya wameingia. Herufi zimelala, zimesimama, zimepishana. Kuna mahali pamefutwa hadi karatasi ikatoboka. Chini kabisa, kwa penseli nzito, palikuwa na sahihi ya mzazi, ambayo hapo awali iliandikwa na yule mpangaji wa jirani. Safari hii iliandikwa MERLINDA, na N ikiwa kinyumenyume.

Rhealyn alipata kumi na moja kati ya ishirini. Sijawahi kutoa alama kwa furaha kama ile. Nilitoka mbio na kijitabu hadi chini ya dirisha, nikakiweka kwenye kikapu, kikapandishwa. Mama Siyon akakisogeza karibu na pua, akakisogeza mbali. Kisha akachukua kipaza sauti, nikaogopa atatangaza. Akasema tu, kwa mtaa mzima, "Leo uji una yai." Kila mtu akauliza kuna sikukuu gani. Hakujibu. Lakini nilimwona Merlinda kwenye ngazi ya nyumba ya bluu, beseni la samaki kiunoni, akitazama dirishani, na yule bibi akimpungia mkono mara moja, kama mtu anayefukuza nzi.

Shule zilifunguliwa kikamilifu Novemba ya mwaka 2022. Mitaa mingine walimu walizunguka kuwatafuta watoto. Wengine walikuwa wameshazama kwenye kazi, wengine hawajulikani waliko. Sisi tulipoita rejista, kati ya watoto mia moja na thelathini na wanane wa ghala, waliokosekana walikuwa watatu.

"Mia moja na thelathini na watano," nikamwambia Mama Siyon, nimejaa fahari hadi kooni. "Unajua wenzetu wamepoteza wangapi?"

"Sijui ya wenzetu. Watatu wako wapi?"

Wasichana wawili, ndugu, walikuwa wakimenya vitunguu saumu kwa tajiri mmoja wa soko. Mama Siyon alikwenda mwenyewe, sasa aliruhusiwa kutoka. Akakaa kwenye gunia katikati ya duka, akakataa kuondoka, akamsimulia kila mteja aliyeingia kwamba anangoja watoto wake wamalize zamu waende shule. Saa mbili baadaye tajiri akawatoa yeye mwenyewe. Wa tatu ni binti wa wale wapangaji waliotoka Samar. Wazazi walirudi kwao wakati wa kufungwa, simu haipatikani. Mama Siyon amewapa ujumbe madereva wa mabasi ya kule, mabaharia, na mtawa mmoja. Mpaka leo hajapata jibu, na hataki mtu aseme mia moja na thelathini na saba ni idadi nzuri.

Mimi nasema ni nzuri. Naisema sokoni, palepale kwa wauza samaki, na nikiulizwa nafanya kazi gani siku hizi najibu kwamba asubuhi mimi ni mwalimu wa serikali na alasiri nipo chini ya Mama Siyon. Watoto waliporudi ghalani walikuwa wamerefuka, magoti hayaingii tena chini ya meza. Ikabidi Dencio aje na msumeno na mbao kuziongezea miguu. Alifanya kazi wiki nzima, akipumzika kila baada ya meza moja kuvuta pumzi, huku Mama Siyon amesimama nyuma yake akimwambia hiyo imepinda, ng'oa, anza upya.